Pete ya Jumamosi: Siku Nane kwa Wakatalani

Siku ya kwanza, Barcelona

Nimeingia asubuhi, usingizi wa ndege ukiwa bado machoni. Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu wa miaka 76, tuliyejuana naye kwenye mkutano wa walimu wa lugha. Mimi nasomesha Kiswahili Nairobi lakini kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, na tangu tulipojuana hakuacha kunihimiza nije nione kwao, Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Uhispania. Kabla sijaketi sawasawa keshaniwekea kahawa, ananyooshea kidole vitu vya mezani na kuvitaja kwa lugha yake, Kikatalani: sucre, tassa. Nikamwomba avitaje tena. Sukari na tasa! Kwetu tasa ni bakuli la shaba la kunawia mikono, kwao ni kikombe, lakini neno ni lile lile la Kiarabu. Kwetu lilishuka na majahazi ya kaskazi. Kwao lilibaki baada ya karne nyingi za utawala wa Waislamu kwenye rasi ya Iberia.

Kikatalani si Kihispania kilichopindwa, ingawa hata mimi niliwahi kudhani hivyo. Kimezaliwa na Kilatini kwa njia yake chenyewe, kama walivyozaliwa Kihispania, Kifaransa na Kiitalia, na nduguye wa karibu zaidi ni Kioksitani cha kusini mwa Ufaransa. Wasemaji wake ni kama milioni 10: wako Katalunya, Valencia, visiwa vya Mallorca na jirani zake, Roussillon upande wa Ufaransa, mji wa Alghero katika kisiwa cha Sardinia, na Andorra, ambayo ndiyo dola pekee duniani yenye Kikatalani kuwa lugha yake rasmi peke yake.

Mchana tumekwenda El Born, soko la zamani lenye paa la chuma. Siku hizi hakuuzwi kitu humo. Chini ya paa umefukuliwa mtaa mzima: misingi ya nyumba, visima, mifereji ya maji machafu, mawe ya barabara yaliyolika kwa nyayo. Mtaa huo ulibomolewa baada ya tarehe 11 Septemba 1714, siku Barcelona ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Mfalme Felipe V baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika vita vya kugombea kiti cha Uhispania, Wakatalani walikuwa upande ulioshindwa. Mshindi akajenga ngome kubwa ambayo mizinga yake iliuelekea mji wenyewe, na nyumba za watu zikaondolewa ziipishe.

Mwaka 1716 ikaja amri iliyofuta sheria na mabaraza ya Katalunya, na mahakama yake kuu ikaamriwa kuendesha kesi kwa Kihispania. Watawala wa wilaya nao walipewa maagizo ya siri: waingize Kihispania kwa upole na kwa kificho, matokeo yapatikane bila mtu kuona kwamba kuna aliyekuwa akiyatafuta. Maagizo hayo nimeyasoma mara tatu nikiwa nimesimama pale pale. Mwalimu ameniacha, akaenda kukaa kwenye benchi.

Jioni tukapita Fossar de les Moreres, yaani Makaburi ya Miforosadi, ubavuni mwa kanisa la Santa Maria del Mar. Wamezikwa hapo waliokufa wakiutetea mji, na mwenge unawaka usiku na mchana. Tarehe 11 Septemba ndiyo siku yao ya taifa. Nikamuuliza mwalimu inakuwaje watu washerehekee siku waliyoshindwa.

“Hatusherehekei, filla,” akasema. Filla ni binti. “Tunaleta maua.”

Siku ya pili, Santa Coloma

Tumepanda metro ya mstari mwekundu hadi kituo cha mwisho, Fondo. Vilima, maghorofa yaliyobanana, maduka ya Wachina, vinyozi wa Kipakistani, nguo zimeanikwa madirishani. Hakuna mtalii aliyekuja kupiga picha. Lakini mwalimu aliniambia: ukitaka kujua lugha yetu ilivyonusurika, usianzie kwenye makumbusho, anzia huku.

Majeshi ya Franco, dikteta wa Uhispania, yaliingia Barcelona tarehe 26 Januari 1939. Kikatalani kikatolewa shuleni, ofisini, mahakamani na kwenye magazeti. Mwalimu alizaliwa miaka kumi baadaye. Nyumbani kwao hakukusemwa neno la lugha nyingine, na shuleni hakukuandikwa neno la Kikatalani. Akawa mtu mzima anayeweza kusali, kugombana na kubembeleza kwa lugha ambayo hakuweza kuiandika. Katika miaka hiyo hiyo wakawa wanamiminika watu maskini kutoka kusini mwa Uhispania, hasa Andalusia, kutafuta kazi viwandani. Miji kama Santa Coloma ilijaa watu ambao Kikatalani hawakukisikia kabisa, maana serikali ilikuwa imekifungia ndani ya nyumba za wenyewe.

Franco akafa Novemba 1975. Katalunya ikarudishiwa serikali yake, na mwaka 1983 bunge lake likapitisha sheria ya kuirejesha lugha shuleni. Wangeweza kutenga shule mbili, za Wakatalani kwa Kikatalani na za wahamiaji kwa Kihispania, na kuna waliotaka hivyo. Waliokataa ni wazazi wa Santa Coloma, mafundi na wafagiaji waliozaliwa Andalusia. Walidai watoto wao wafundishwe kwa Kikatalani, kwa sababu waliona wazi kwamba mtoto asiyekijua atabaki mlangoni maisha yake yote. Ndipo utaratibu wa kumzamisha mtoto katika lugha ulipoanzia, katika shule ya umma ya mtaa kama huu. Mwalimu alifundisha huku miaka ile. Anasema akina mama walikuwa wakikaa nyuma ya darasa nao wakinakili.

Usiku amenifungulia kopo la biskuti lililojaa barua alizomwandikia mumewe akiwa jeshini, kabla hawajaoana. Zote kwa Kihispania. Watu wawili ambao hawakuwahi kuzungumza Kihispania baina yao hata siku moja, na barua za mapenzi ikabidi wazitafsiri kwanza vichwani. Amekuja kujifunza kuandika lugha ya mama yake akiwa na miaka 27, katika madarasa ya jioni. Aliirudisha barua moja ndani ya bahasha taratibu, akaikunja pale pale ilipokwisha kunjika.

Siku ya tatu, Vic hadi Ripoll

Nimetoka peke yangu kwa treni ya kaskazini. Nikashuka Vic kununua mkate. Duka dogo, foleni ya watu wanne. Muuzaji akamuuliza bibi aliyenitangulia, “Què li poso?”, yaani, nikuwekee nini? Nikapanga maneno yangu. Zamu yangu ilipofika nikatoa “Bon dia” safi kabisa, nililolifanyia mazoezi tangu jana. Akaniangalia, akatabasamu kwa wema wote, akaniuliza: “¿Qué le pongo?” Kihispania.

Hakunidharau, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Kwa mazoea ya miaka mingi, Mkatalani akiona sura ngeni hubadili lugha kama mtu anayemwachia mgeni kiti, na mgeni akiachiwa kiti hicho kila siku hatajua kamwe kilichokuwa kikisemwa kwenye foleni. Utafiti wa serikali yao unaonyesha kwamba mwaka 2003 watu wazima wa Katalunya waliokuwa na Kikatalani kama lugha yao ya kila siku walikuwa asilimia 46. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 32.6. Wahamiaji wameongezeka, ni kweli. Lakini sehemu ya hesabu hiyo iko pale dukani, katika adabu ya yule dada.

Na sisi je? Mgeni akifika Mombasa akatuamkia “habari”, nusu yetu tunamjibu kwa Kiingereza. Binti yangu mwenyewe nikimwita kwa Kiswahili huitika kwa Kiingereza, na nimezoea, siku nyingine namfuata huko huko. Jioni hii nimempigia simu. Nimesema Kiswahili mwanzo hadi mwisho, akajibu Kiingereza mwanzo hadi karibu na mwisho.

Ripoll nimefika saa tisa alasiri. Hapa ndipo Wakatalani wanapopaita susu la nchi yao. Monasteri ilijengwa na mtemi wa milimani, Guifré, waliyembandika jina la Mwenye Nywele, aliyefariki mwaka 897 na kuzikwa humu. Alikuwa mtawala wa mpakani chini ya wafalme wa Wafranki, walioitawala Ufaransa ya kale, na baada yake madaraka yakawa ya urithi katika ukoo wake. Mwaka 985 al-Mansur wa Cordoba aliiteka na kuichoma Barcelona, mfalme wa Wafranki hakuleta msaada, na watawala wa huku hawakula kiapo tena kwake. Lango la kanisa ni ukuta mzima wa mawe yaliyochongwa karne ya 12: wafalme, manabii, wanyama, kazi za miezi kumi na miwili. Nyuso nyingi zimelika kwa hewa na moto, pua hamna, lakini mkulima anayevuna bado ameinama.

Siku ya nne, Ripoll

Mvua kutwa. Nimebaki chumbani na vitabu vya kuazima.

Mwaka 1137 ukoo wa Barcelona uliungana kwa ndoa na ule wa Aragon, na kutoka hapo ikatokea dola ya baharini. Jaume I aliiteka Mallorca mwaka 1229 na mji wa Valencia mwaka 1238, na lugha ikasafiri na walowezi. Kanuni za Wakatalani za biashara ya baharini zikafuatwa katika bandari nyingi za Mediterania. Mwaka 1359 baraza lao likaunda kamati ya kudumu ya kusimamia kodi, Generalitat, na serikali ya Katalunya hadi leo inaitwa hivyo hivyo.

Kilichonigusa kuliko falme zote hizo ni kurasa chache zilizokutwa mwaka 1904 katika nyumba ya padri, kijiji cha Organyà, si mbali sana na hapa. Ni mahubiri sita ya takriban mwaka 1200. Yapo maandishi ya Kikatalani ya zamani zaidi, viapo vya watemi na vipande vya sheria, lakini haya ni ya mtu aliyesimama mbele ya wakulima, akasoma Kilatini wasichokijua, kisha akakigeuza kwa midomo yao. Kila msikiti wa kwetu wa Ijumaa unajua sauti ya namna hiyo.

Siku ya tano, kuvuka mpaka

Treni ya Ripoll inapanda hadi Latour-de-Carol, Ufaransa, kituo chenye reli za upana wa aina tatu: ya Kihispania, ya kawaida ya Ulaya kama SGR yetu, na ya mita 1 kama ile ya zamani ya Mombasa kwenda Uganda. Nimeingia Treni ya Manjano, inayopita kwenye reli hiyo ya mita moja tangu mwaka 1910, ikining'inia kwenye madaraja marefu juu ya mabonde.

Mzee tuliyekaa naye alininyooshea kidole kijiji upande wa pili wa uwanda: Llívia. Mwaka 1659 wafalme wa Uhispania na Ufaransa waliikata Katalunya vipande viwili kwa Mkataba wa Pyrenees. Katika bonde hili Ufaransa ilipewa vijiji 33. Llívia ikasema yenyewe si kijiji, ni mji, na hoja ikapita. Hadi leo ni ya Uhispania, imezungukwa na Ufaransa pande zote. Mzee alinieleza yote hayo kwa Kikatalani, polepole, akirudia. Hakubadili lugha hata mara moja, nami kwa mara ya kwanza nikaelewa sentensi nzima.

Siku ya sita, Prada

Mji mdogo wa Ufaransa chini ya mlima Canigó, ambao kilele chake leo kina theluji. Nimekuja kwa sababu ya kaburi moja.

Pompeu Fabra alizaliwa mwaka 1868, akasomea uhandisi, akafundisha kemia Bilbao, na huku nyuma akiishughulikia lugha yake kama mtu anayetengeneza saa. Kikatalani kilikuwa kinaandikwa na washairi wengi, kila mmoja kwa tahajia yake. Mwaka 1913 zikatoka kanuni 24 za tahajia, mwaka 1918 sarufi yake, mwaka 1932 kamusi. Ustadi wake, kwa macho ya mwalimu kama mimi, ni kwamba hakuiandika Barcelona peke yake. Barcelona wanaposema a na e zisizo na mkazo huzitamka sauti moja, Valencia huzitenganisha. Fabra akaandika kwa namna ambayo Mvalencia naye akisoma aione sauti yake, na mwaka 1932 Wavalencia wakaukubali mfumo huo kwa marekebisho yao.

Siwezi kuandika hayo bila kukumbuka kwetu. Mwaka 1928 ni Mombasa hiyo hiyo walikokutana waliokiteua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya Muyaka, kikabaki cha nyumbani. Bibi yangu alisema mato na ndia. Shuleni nikasahihishwa kwa wino mwekundu, macho, njia. Usanifu nauamini, ndio unaonilisha. Ila nilipokuwa mbele ya kaburi la Fabra nilijiuliza kamusi yetu ingekuwaje kama angekuwapo mtu wa kusikiliza pande zote kwa uvumilivu huo.

Alivuka mpaka mwaka 1939 akiwa na miaka 70, katika msafara wa karibu watu nusu milioni waliomkimbia Franco. Alipotaka kuandika wosia alisafiri hadi Andorra, maana huko ndiko angeweza kuuandika kisheria kwa Kikatalani. Akafia hapa Prada siku ya Krismasi ya 1948. Kaburi ni la kawaida kabisa. Kuna aliyeacha mawe madogo na utepe wa manjano na nyekundu uliofifia kwa jua.

Siku ya saba, Perpinyà

Huu ndio mji mkuu wa Roussillon, Ufaransa. Majina ya mitaa yameandikwa kwa lugha mbili, lakini masikioni nasikia Kifaransa tu. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikipiga marufuku Kikatalani kwenye nyaraka rasmi mwaka 1700, na shule ya lazima ya karne ya 19 ikamaliza kazi. Shule za La Bressola, zilizoanza mwaka 1976, zinalea watoto kwa Kikatalani tangu chekechea, na nimewasikia wachache langoni wakigombania mpira kwa lugha hiyo. Wachache, ndiyo.

Nimeonyeshwa picha ya ukuta wa shule ya kijiji cha Aiguatèbia, milimani. Limeachwa hapo andishi la zamani: Semeni Kifaransa, muwe safi. Nikarudisha picha haraka. Nalijua andishi hilo, ingawa kwetu lilikuwa la Kiingereza, na halikuandikwa ukutani. Lilivaliwa shingoni.

Jioni, treni hadi Barcelona, kisha meli ya usiku.

Siku ya nane, Palma

Kisiwa cha Mallorca kimejitokeza alfajiri, rangi ya waridi. Huku hawasemi la taula kwa meza, wanasema sa taula, na wanaona fahari. Dukani nimesema nilichofundishwa na mwalimu: “Parli'm en català, per favor,” yaani, sema nami kwa Kikatalani, tafadhali. Muuzaji akasita, kisha akaniambia bei kwa Kikatalani cha Mallorca, upesi, bila kunihurumia. Sikuelewa kitu, nikatoa noti kubwa.

Kanisa la Sant Francesc limelihifadhi kaburi la Ramon Llull, aliyezaliwa humu karibu na mwaka 1232 na kuwa miongoni mwa wa kwanza Ulaya kuandika falsafa kwa lugha ya watu badala ya Kilatini pekee. Aliandika pia kwa Kiarabu, alichofundishwa na mtumwa Mwislamu ambaye Llull mwenyewe alimnunua. Yeye na mtumwa huyo walikosana, wakapigana, mtumwa akatiwa gerezani, akajinyonga. Nimekaa hapo muda. Jaume alipoingia mwaka 1229, Kiarabu ndicho kilichokuwa kikisemwa katika vichochoro hivi, na waliokisema wengi waliuawa au kuuzwa. Nawapenda Wakatalani na nayalilia ya 1714, lakini na haya ni historia ya lugha yao. Lile neno tassa la siku ya kwanza, huenda aliyemtilia mtu maji humo hakuwa huru.

Mchana mwalimu wa historia aliyenitembeza alinieleza amri ya mwaka 1837 ya mtawala wa visiwa hivi. Kila mwalimu awe na pete ya chuma. Jumatatu ampe mtoto mmoja. Mtoto akimsikia mwenzake akisema Kikatalani, hata neno moja, ampe yeye pete, naye ataitoa kwa atakayemnasa, na hivyo hivyo wiki nzima. Jumamosi, atakayekutwa nayo kidoleni ndiye mwenye adhabu.

Alidhani nashangaa. Nilikuwa nahesabu. Katika shule ya msingi niliyosoma pwani, ile yetu tuliiita diski: kipande cha mbao chenye tundu na kamba ya katani. Kiswahili kiliruhusiwa kipindi cha Kiswahili tu. Ijumaa moja, darasa la nne, ilikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi, na kengele ya mwisho ilikuwa karibu. Niliyeketi naye dawati moja aliletewa chakula langoni na bibi yake. Nilimfuata nyuma, nikasimama karibu na mwarobaini. Alipokea kile chombo kwa mikono miwili akasema, “Shikamoo, bibi.” Nikaivua kamba, nikamvika mbele ya bibi yake.